Mshale wa temperecha umepanda: injini imechemka kweli au sensa ndiyo mbovu?

Wiki hizi huku Usangu simu ninazopokea haziulizi mbegu wala mbolea, zinauliza trekta. Mmoja anapiga: "Bwana shamba, mshale wa temperecha umeingia kwenye nyekundu, lakini dereva anasema ni sensa tu hiyo. Tuendelee kulima?" Baada ya saa mbili anapiga mwingine: "Fundi anasema gasketi ya hedi imeungua, anataka kufungua injini. Tumpe hela?" Ukiyatazama vizuri, hilo ni swali moja. Wote wawili wanataka kujua kama mshale ule unasema kweli. Na kwa simu siwezi kujibu, kwa sababu mshale ulioko kwenye nyekundu unafanana tu, iwe injini inaungua au waya umegusa chuma.

Niseme mapema kwamba mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni shamba, si gereji. Chuoni tulipitishwa kwenye zana za kilimo kwa kiasi cha kulitunza trekta, si kulivunja na kulijenga upya. Ila haya ninayoyaandika hayahitaji gereji. Yanahitaji spana, kipande cha waya, sufuria na asubuhi moja ya subira. Na nayaandika kwa sababu kwa mkulima wa mpunga, trekta likisimama siku kumi wakati maji yako mferejini, hasara haiko kwenye injini peke yake. Zamu yako ya maji inapita. Miche uliyotaka kuipandikiza ikiwa na wiki tatu inakaa kitaluni mpaka inafika siku 40, ukija kuipandikiza inatoa machipukizi machache, na mavuno ndiyo hayo tena. Kwa hiyo suala la sensa ni suala la magunia.

Mshale unasoma nini hasa

Sensa ya temperecha (si ile ya kuhesabu watu) ni kijichuma cha rangi ya shaba, kama boliti fupi, kilichofungwa kwa hesi kwenye hedi au karibu na nyumba ya thamostati. Ncha yake iko ndani ya maji ya injini. Ndani yake kuna kidonge ambacho kikiwa baridi kinauzuia umeme sana, na kadiri kinavyopata joto kinauachia upite. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi, unaingia kwenye geji ya dashibodi, unashuka kwa waya mpaka kwenye sensa, unapenya kile kidonge, kisha unaingia kwenye chuma cha injini, ambacho ndiyo ethi yake. Geji inachofanya ni kuangalia umeme uliopita ni kiasi gani. Ukipita mdogo, mshale unalala upande wa baridi. Ukipita mwingi, mshale unapanda.

Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye kiti husomi joto, unasoma umeme. Hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Waya ukikatika, umeme haupiti, na geji inasema baridi. Waya ukichubuka ukagusa chuma kabla haujafika kwenye sensa, umeme unapita wote, na geji inasema moto. Ukishika mambo hayo mawili tu, umeshapata nusu ya kazi.

Nazungumzia geji ya umeme yenye sensa ya waya mmoja, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye matrekta yetu. Kuna matrekta ya zamani zaidi ambayo geji yake haitumii umeme kabisa. Badala ya waya utakuta kijibomba chembamba cha shaba kinachotoka kwenye injini mpaka nyuma ya dashibodi. Hicho usikikate wala usikikunje. Kikipasuka, geji imekufa, inabadilishwa yote pamoja na bomba lake. Na matrekta mengine yana taa nyekundu badala ya mshale. Taa inaendeshwa na swichi ya joto, ambayo inajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Usinunue swichi ya taa ukaifunga mahali pa sensa ya mshale eti kwa sababu hesi zimelingana. Nimeona imefungwa hivyo, na mshale ukawa haupandi kabisa mpaka unaruka hadi mwisho kwa mara moja.

Wenye power tiller zile za kumwaga maji juu na kuyaacha yachemke, hii haiwahusu. Hazina sensa. Kazi yenu ni kuongeza maji kabla boya halijashuka.

Kwanza uamini mshale

Mshale ukipanda ukiwa unalima, usibishane nao shambani. Inua jembe, toa gia, iache injini izunguke taratibu bila mzigo dakika chache huku unautazama. Ukiona mshale unashuka, hiyo peke yake ni habari: joto lilikuwa la kweli, kwa sababu waya uliochubuka haujui kama umeinua jembe. Ukiona mvuke unatoka au maji yanamwagika chini, usisubiri, zima. Halafu usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyobanwa mle yana joto kupita maji ya ugali, na ukiufungua yanakurukia usoni. Usimwagie injini maji baridi pia, chuma cha moto kikipozwa ghafla kinapasuka. Kaa chini ya mti, subiri mpaka uweze kuushika mfuniko kwa mkono mtupu bila kuuondoa.

Wakati unasubiri, kuna vitu vya kutazama bila kufungua chochote. Joto la kweli halina haraka. Linapanda pole pole, dakika kwa dakika, na linapanda zaidi ukizidisha kina cha jembe au ukiingia kwenye tope zito. Hitilafu ya umeme inaruka. Mshale ulikuwa katikati, umepita kwenye tuta, umeruka hadi mwisho, umepita tuta lingine, umerudi. Maji ya injini hayawezi kupoa kwa kuruka tuta. Huo ni waya uliolegea au ethi mbovu.

Angalia na geji ya mafuta. Kwenye matrekta mengi ya zamani geji ya mafuta na geji ya temperecha zinalishwa umeme na kifaa kimoja kidogo cha kusawazisha, kimejificha nyuma ya dashibodi. Kikiharibika, geji zote mbili zinadanganya kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona temperecha imepanda na tangi nalo linaonyesha limejaa wakati unajua jana ulibakiza robo, usiende kununua sensa.

Lakini kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha asubuhi. Injini imelala usiku kucha, imepoa kama jiwe. Geuza ufunguo hatua ya kwanza, usiwashe injini, tazama mshale. Unapaswa kukaa kwenye baridi. Ukienda moja kwa moja kwenye nyekundu, hilo si joto, kwa sababu hakuna joto. Ni umeme unaopita pasipotakiwa. Kipimo hiki hakikugharimu hata shilingi, na mwenye trekta anaweza kukifanya peke yake kabla fundi hajafika na mkoba wake.

Mshale ukikaa baridi asubuhi na ukapanda taratibu ukiwa kazini, basi chukulia injini inachemka kweli mpaka uthibitishe vinginevyo. Anza na rejeta. Wakati wa kuvuna na kupura, pumba na vumbi la mpunga vinaziba matundu ya rejeta mpaka yanakuwa kama ukuta uliopigwa lipu. Vikikaa hapo mpaka msimu wa kulima, vinachanganyika na tope. Puliza au osha kutokea upande wa feni kwenda nje, si kinyume chake, usije ukazisukuma taka ndani zaidi. Kisha mkanda wa feni: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ukibonyea sana feni inazunguka kivivu. Kisha mpira wa chini wa rejeta, huwa unanyweka injini ikizunguka kwa kasi kama umeshalainika.

Halafu mfuniko wa rejeta. Wengi wanauona kama mfuniko tu wa kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kuyabana maji ili yachelewe kuchemka. Usawa wa bahari maji yanachemka kwa digrii 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, yanachemka kwa digrii 1 pungufu. Huku kwetu bondeni tuko juu kidogo ya mita 1,000, maji yanachemka kwa digrii 96 au 97. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, ni kama 94. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 unayabana hadi yapite 115 huku huku kwetu kabla hayajachemka. Mfuniko ukifa, mpira wake umepasuka au springi imelegea, injini yako itachemka kwa 96 wakati mshale bado haujafika kwenye nyekundu. Hapo utasikia dereva anasema sensa mbovu, maji yanachemka na mshale hausemi. Sensa ni nzima kabisa, inasema 96 na ni 96 kweli.

Mshale uliolala ndio hatari zaidi

Mshale ukipanda watu wanashtuka. Mshale ukilala kwenye baridi siku nzima, watu wanafurahi. Mimi hapo ndipo ninapoogopa.

Msimu mmoja nilipita kwenye shamba la kikundi cha wakulima wa mpunga. Trekta lao lilikuwa na siku ya tatu kazini. Mwenyekiti wao, mzee wa makamo, alinipokea kwa furaha. "Karibu bwana shamba. Hili trekta tumepata. Siku tatu tunapiga, mshale haujainuka hata kidogo."

"Shikamoo mzee. Hata kidogo?"

"Marahaba. Hata kidogo. Injini baridi kama maji ya mtungi."

Nikamwomba dereva asimame. Injini yenye thamostati nzima inatakiwa ifike joto la kazi. Kwenye matrekta mengi thamostati inafunguka kwenye digrii 82 hivi, maana yake mshale ukishalima nusu saa unapaswa uwe umesimama mahali, si umelala. Kabla sijashuka kwenye pikipiki nilishaisikia ile harufu ya rangi ya chuma inayoungua. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa, maji yalikuwa yanatoka matone matone tangu siku ya kwanza, na kwenye tope la jaruba nani atayaona matone? Maji yalishashuka chini ya ncha ya sensa. Sensa ilikuwa inaning'inia kwenye hewa na mvuke, si kwenye maji, na hewa haipelekei ncha joto la chuma kama maji yanavyolipeleka. Kwa hiyo maji yalivyozidi kupungua na injini ilivyozidi kuungua, ndivyo geji ilivyozidi kukaa kimya.

Gasketi ya hedi ilikuwa imeshakwenda. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hedi ikatolewa ikapelekwa mjini kusawazishwa, na kikundi kikakodi trekta la jirani kwa ekari zilizobaki, la jirani nalo likaja baada ya jirani kumaliza kwake. Waliopanda mwisho walipanda miche iliyopitiliza.

Mshale uliolala una sababu nne, na nyingine hazina madhara. Waya umekatika au umechomoka kwenye sensa. Sensa imekufa. Thamostati imekwama ikiwa wazi, au mtu aliitoa akaitupa "ili injini ipoe", hapo mshale unasema kweli, injini haipati joto, inakula mafuta na kuchakaa mapema. Ya nne ni hiyo ya maji kuisha. Kwa sababu ya nne iko humo, mshale uliolala unashughulikiwa kwa kuangalia maji kwanza, injini ikiwa imepoa, kabla ya kugusa waya wowote. Na kila asubuhi, mshale uwe mzima au mbovu, fungua mfuniko uone maji kwa macho yako.

Kuna na ile hali ya hewa kunaswa ndani. Umemwaga maji yote, umejaza upya, rejeta inaonekana imejaa, kumbe kuna kiputo kikubwa kimekaa pale pale kwenye sensa. Washa injini mfuniko ukiwa wazi ikiwa baridi, iache izunguke, ongeza maji yanaposhuka, mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe, ndipo ufunge.

Jaribio la waya

Umeangalia maji, yapo. Rejeta safi, mkanda mzuri. Bado humwamini mshale. Sasa mtafute mwongo. Injini iwe imezimwa, ufunguo hatua ya kwanza, mtu mmoja akae kwenye kiti atazame geji.

Chomoa waya kwenye sensa, uache uning'inie bila kugusa chochote. Mshale unatakiwa ulale kwenye baridi. Sasa gusisha ncha ya ule waya kwenye chuma safi cha injini, sekunde moja mbili tu. Mshale unatakiwa uanze kupanda kuelekea mwisho wa moto. Gusisha, tazama, toa. Usiushikilie hapo, geji nyingine zinaungua. Fundi mwangalifu anapitisha umeme huo kwenye balbu ndogo ya volti 12 ili kuilinda geji, na ukiweza kufanya hivyo ni vizuri zaidi.

Kama mshale umelala ulipochomoa na umepanda ulipogusisha, basi geji ni nzima na waya ni mzima. Anayebaki ni sensa, au maji yenyewe. Kama umegusisha na mshale haujainuka, waya umekatika njiani, au geji haipati umeme, au geji imekufa. Hata ukinunua sensa kumi hazitasaidia.

Na kama umechomoa waya na mshale umebaki juu kwenye nyekundu, hapo ndipo pa kuokoa hela. Umeme bado unapita, na sensa haipo tena kwenye njia. Maana yake waya umegusa chuma mahali kati ya sensa na geji. Mama mmoja mwenye trekta la kukodisha aliambiwa injini ifunguliwe kwa sababu mshale haushuki. Nilimwomba achomoe waya wa sensa nikiwa kwenye simu, dereva wake akitazama. "Umeshuka?" "Haujashuka, bado uko juu." Basi wafuate waya kwa vidole, inchi kwa inchi. Waliukuta umelala juu ya bomba la moshi, plastiki imeyeyuka, shaba imekaa kwenye chuma. Utepe wa umeme, waya ukafungwa mbali na bomba, siku ile ile trekta likarudi shambani. Hedi haikuguswa.

Ethi nayo ina mambo yake. Sensa ya waya mmoja inategemea hesi zake zigusane na chuma cha injini. Mafundi wengine wakiona maji yanavuja kidogo wanazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka sensa imetenganishwa na chuma. Mshale unaanza kusoma pungufu, kwa hiyo injini inafika pabaya huku geji inasema salama. Hesi zisafishwe kwa brashi ya waya, ikilazimu pakwa gundi kidogo sana, na ncha mbili tatu za hesi ziachwe wazi. Angalia pia waya mnene wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye injini, kutu pale inasumbua geji zote.

Sensa kwenye sufuria

Sensa ikishashukiwa, itoe uipime kabla ya kununua nyingine. Injini iwe baridi. Punguza maji kwenye beseni mpaka yawe chini ya usawa wa sensa. Kama mmetia kulanti, ile ya kijani au nyekundu, beseni hilo lisikae wazi: ina utamu, mbwa wanaipenda, na inaua. Watoto pia.

Ukiitoa sensa itazame ncha. Wanaojaza rejeta kwa maji ya kisima watakuta ukoko mweupe kama wa kwenye birika. Ukoko huo ni blanketi. Sensa yenye blanketi inachelewa, joto linapanda na mshale unafuata baadaye. Loweka ncha kwenye siki, safisha kwa brashi laini, upime tena. Mara nyingine dawa ni hiyo tu.

Kama una multimita, iweke kwenye omu. Ncha moja kwenye kichwa cha sensa, nyingine kwenye mwili wake. Ikiwa baridi soma namba, kisha izamishe ncha kwenye sufuria ya maji, iningine'e kwa waya isiguse chini ya sufuria, washa jiko. Maji yakipanda joto, omu zinatakiwa zishuke mfululizo bila kuruka. Sensa za waya mmoja za matrekta hutofautiana kwa kila muundo, kwa kawaida zinaanzia mamia ya omu na kushuka hadi makumi, kwa hiyo usitafute namba kamili kama huna kitabu cha trekta. Tafuta mwenendo. Omu zisizobadilika kabisa, au zinazopotea ghafla katikati na kurudi, sensa hiyo imekufa.

Huna multimita? Tumia trekta lenyewe. Unga waya mrefu kutoka kwenye waya wa geji hadi kichwa cha sensa, na waya mwingine kutoka kwenye mwili wa sensa hadi kwenye chuma cha injini. Geuza ufunguo, zamisha ncha ya sensa kwenye sufuria. Maji ya baridi, mshale unalala. Maji yakichemka, huku kwetu ujue ni digrii 96 au 97, mshale unatakiwa uwe juu ya katikati. Kwenye matrekta mengi haujafika nyekundu bado, au ndiyo unaikaribia. Ukizama kabisa kwenye nyekundu kwa maji ya sufuria, sensa au geji inakuza mambo. Ukibaki chini, inaficha. Kichwa cha sensa kisiingie majini.

Mtu aliniuliza kama ile bunduki ya kupima joto ya wakati wa korona inafaa kumulikia injini. Haifai. Ile imetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu, ikipita hapo kidogo inakataa kusoma. Zipo za viwandani zinazofika mamia ya digrii, na kwa kikundi chenye matrekta mawili matatu ni kifaa cha kununua. Mulika nyumba ya thamostati, linganisha na mshale. Mulika chuma kilichopakwa rangi, si kinachong'aa, maana kinachong'aa kinaipotosha.

Pikapu za kubebea mazao

Kwenye pikapu za kisasa sensa haimwambii dereva peke yake, inaiambia kompyuta ya injini, na ina waya mbili. Kompyuta ikidanganywa kwamba injini ni baridi, ya petroli inamwagiwa mafuta mengi, moshi mweusi, harufu, ulaji mkubwa. Ikishtukia hitilafu, gari nyingi zinawasha feni moja kwa moja na taa ya injini. Fundi akipima kwa kompyuta akapata P0118, njia iko wazi, yaani plagi imechomoka, waya umekatika au sensa imekatika ndani. P0117 ni kinyume, njia imegusana. P0128 mara nyingi si sensa, ni thamostati iliyokwama wazi. Kwa omu, sensa za Toyota nyingi zinasoma kama 2,300 hadi 2,600 kwenye digrii 20, na kushuka hadi karibu 320 kwenye digrii 80. Chomoa plagi uitazame kwanza. Panya wa ghalani wanapenda sana waya hizo.

Ukinunua mpya

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Hesi kulingana haitoshi, omu zake zikiwa baridi zikaribiane na za aina ya trekta lako, la sivyo mshale utasoma uongo mpya. Ipime kwenye sufuria hata kama iko kwenye boksi. Ikaze kwa kiasi, chuma chake ni laini, ikikatikia ndani ya hedi umejitafutia kazi ya siku nzima. Jaza maji, toa hewa, kisha lima nusu saa. Mshale ukishatulia, chukua rangi ya kucha uweke alama ndogo kwenye kioo cha geji pale ulipotulia, ili dereva yeyote atakayekaa hapo, hata kibarua wa siku moja, ajue pa kuangalia.

Mwenye trekta ambalo sensa yake haionekani, piga picha upande wa nyumba ya thamostati unitumie WhatsApp. Piga mchana, injini ikiwa imezimwa, na usafishe tope kwanza.